Mtani wa Nassibu

Mimi nina wivu. Nasema mapema, msije mkanisoma mpaka mwisho mkidhani nilikuwa malaika aliyeonewa. Shangazi yangu Mauwa anasema nilizaliwa nao, eti nikiwa mchanga nilikuwa nalia mama akimbeba mtoto wa jirani. Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwaka arubaini na saba, nilipoingia ukumbi wa dansi wa Temeke na buibui langu jipya, watu walidhani nimekuja kumtazama Nassibu akipewa kikombe. Kweli nilikuja kwa kikombe. Lakini jicho moja nililiacha mlangoni, likimsubiri Jovina.

Nassibu alikuwa mchumba wangu, au tuseme karibu mchumba. Siku za kazi alikuwa kuli wa gatini, akibeba mabunda ya katani mpaka shingo ikawa nene kuliko ya baba yake. Jumamosi na Jumapili alikuwa mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi ya hapa petu. Alikuwa na alama ndogo ya duara katikati ya mdomo, ya kule kupuliza, na mimi nilikuwa naitazama alama ile akiongea hadi nasahau anachosema. Barua yake ya posa ilikuwa imelala kwa baba tangu Rajabu. Baba, Mzee Kondo, fundi wa milango na madirisha, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema hamjui kuli aliyezeeka na mgongo mzima, na kwamba binti yake hataolewa aje kumkanda mtu mgongo.

Kisha ikaja habari ya mashindano. Bendi mbili, yetu na ya Kinondoni, zingepiga mchana kutwa mbele ya waamuzi, na kiongozi wa bendi bora angepewa kikombe pamoja na kazi ya ukarani wa ghala. Vyote viwili vingetolewa na Bwana Mkubwa wa gatini mwenyewe, Mzungu, ambaye chama cha dansi kilimfanya mlezi wake. Temeke nzima ilijua kikombe ni cha Nassibu. Hata baba alijua, ndiyo maana akatoa kauli usiku wa kuamkia siku ile, akipangusa randa yake.

"Akipata kalamu, kesho Jumapili aje na wazee wake, harusi Mfungo Tatu. Akibaki na bunda la katani, barua yake narudisha kesho hiyohiyo."

Basi mjue nilikuwa nimeshika nini mkononi siku ile. Ilikuwa kesho yangu nzima.

Sasa huyu Jovina. Alikuwa yaya nyumbani kwa Bwana Mkubwa, kule Kurasini, akilea binti yao mdogo. Mrefu, mweupe wa maji ya kunde, meno ameyapanga kama aliyachagua dukani. Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko, na kila Alhamisi, badala ya kupumzika, alikuja kwenye mazoezi ya bendi. Akifika anamvua Nassibu kofia anaivaa yeye. Anakula kwenye sahani yake. Mbele za watu wote anamwita "mume wangu", na bendi nzima inacheka.

Mara ya kwanza nilimuuliza Nassibu kwa upole, upole wa kisu kilichofutwa vizuri.

"Mtani wangu yule," akasema, akicheka. "Mnyamwezi wa Tabora. Si unajua watani walivyo, Somoe?"

Najua watani walivyo. Mimi ni Mzaramo, kama Nassibu, na kwetu Mnyamwezi ni mtani tangu enzi za misafara. Bibi yangu alipofariki, mama mmoja wa Kinyamwezi alikuja akaketi juu ya sufuria la wali, akasema hazikwi mtu mpaka apewe jogoo, na sisi tuliofiwa tukacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mtani hanuniwi. Ukimkasirikia mtani, aibu ni yako, ni wewe uliyekosa malezi. Kwa hiyo nikacheka. Nilicheka Alhamisi sita mfululizo mpaka taya zikauma.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikwaruza. Utani hufanywa watu wasikie, ndiyo raha yake. Jovina alikuwa akishamaliza kelele zake anamsogelea Nassibu sikioni na kunong'ona, na Nassibu akimsikiliza hakuwa anacheka. Nilimwambia shangazi Mauwa.

"Wewe unatafuta chawa kwenye kipara," shangazi akasema. "Mtani huyo. Acha mwanamume apumue."

Nikamwacha apumue. Ndivyo tulivyofika Jumamosi ile.

Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa karatasi za rangi, na sakafu ya saruji ilikuwa imesuguliwa mabaki ya mishumaa mpaka ikateleza. Wanawake tulikaa upande wa kulia kwenye madawati ya kuazima shuleni. Makuli wa gatini walijaa upande wa pili hata wengine wakasimama, maana yule anayeshindania kikombe alikuwa mwenzao. Mbele, kwenye viti vya kitambaa, walikaa Bwana Mkubwa na mkewe, memsabu mwembamba mwenye kofia ya ua. Nyuma ya memsabu alisimama Jovina na gauni jeupe la kazi, kamshika mkono yule binti yao. Baba hakuingia. Alisema dansi si mahali pa mtu mwenye udhu, lakini nilimwona dirishani, kaegemea kwa nje, jicho ndani.

Zawadi ndogo zilianza kutolewa. Karani mmoja aitwaye Apolinari alipewa tai ya hariri kwa kuwa mvaaji bora, wakati ukumbi mzima ulijua koti lile kaliazima na linatakiwa kurudi kabla ya magharibi. Wacheza foksitroti walipangwa mstari kungojea yao. Mtangazaji alikuwa Mwalimu Gozbert, mtu wa Bukoba, mwenye suruali ya pasi kali na Kiswahili cha darasani. Bendi ya Nassibu ilikuwa imekwisha piga zamu yake, na ilipopiga tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Sasa ilikuwa zamu ya Kinondoni. Nassibu alisimama pembeni ya jukwaa anapangusa tarumbeta kwa leso niliyomshonea mimi.

Ndipo Mwalimu Gozbert, akishuka jukwaani, akapita karibu na memsabu na kumwona Jovina. Uso wake ukafunguka. Akasema kwa sauti ya mtu aliyekutana na wa kwao ugenini, "Kokushubila!" Kisha yakafuata maneno mengi ya lugha yao. Na Jovina akamjibu, tena haraka, tena kwa lugha hiyohiyo, akainama kidogo kwa heshima kama mtoto wa watu.

Mimi nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka pale. Nilihisi masikio yanapata moto.

"Shangazi," nikasema, "Mnyamwezi gani anaitwa Kokushubila?"

Shangazi Mauwa alikuwa anatafuna kashata. Akaacha kutafuna.

"Hilo jina la Bukoba," akasema taratibu. "La Wahaya hilo."

"Na sie na Wahaya tuna utani?"

Shangazi akaifunga kashata iliyobaki kwenye ncha ya kanga. Wahaya walikuja Dar es Salaam juzi tu na vyeti vyao vya misheni. Hatujazikana nao, hatujachukuliana majogoo. Hatuna utani nao hata wa kuombea chumvi. Kwa hiyo zile Alhamisi sita, kofia ile, sahani ile, lile "mume wangu", vyote vilikuwa vimepita mbele ya macho yangu kwa ruhusa ya uongo, na mimi nilikuwa napiga makofi. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Iliingia mwilini ikageuka hasira palepale, haikuchukua hata muda wa kumeza mate.

Nikainua macho. Jovina alikuwa amemwacha mtoto kwa memsabu, akijifanya anakwenda kuchota maji. Alipita nyuma ya jukwaa akasimama ubavuni kwa Nassibu. Safari hii hakumvua kofia, wala hakumwita mume. Alimnong'oneza moja kwa moja, maneno machache, na Nassibu akabadilika rangi.

Sikumbuki nilivyofika pale. Shangazi anasema aliuvuta ukingo wa buibui ukamponyoka. Bendi ya Kinondoni ilikuwa inapiga rumba kwa nguvu zote, ngoma kubwa inagonga kifua, kwa hiyo ilinibidi nipaze sauti ili Nassibu anisikie. Nikapaza. Nilimwambia nimeshajua. Nilimwambia alinifanya mjinga wa Temeke nzima. Na nilipofika kwenye lile neno lililokuwa linanichoma, rumba ikaisha, kwa mkato mmoja, na sauti yangu ikabaki peke yake ukumbini.

"Huyu si mtani wako, huyu Mhaya! Anakunong'oneza habari gani kila siku?"

Watoto wa madirishani walipandiana mabegani ili waone.

Ningekuwa na akili ningemtazama Jovina usoni, ningeona. Nilikuja kusimuliwa baadaye. Uso ulikuwa umekauka, mkono umeshika ukingo wa jukwaa, na macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa Bwana Mkubwa, ambaye alikuwa amekwisha simama kitini. Siku zile kule gatini uvumi wa mgomo ulikuwa umezagaa, na yeye alikuwa anautafuta mdomo unaovujisha siri zake.

Alikuja mpaka pale tulipo. Kiswahili alikuwa anakijua, cha kuamrisha.

"Yaya, wewe unampa huyu kuli habari gani? Habari za nyumbani kwangu?"

Nassibu alinitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayeaga kituoni na gari limeshaanza kuondoka. Kisha akamtazama Jovina, akavuta pumzi.

"Ni mchumba wangu, Bwana," akasema. "Ananiambia ya wachumba. Huyu dada ana wivu tu."

Dada. Mdomo ule, na alama yake ya duara katikati, uliniita dada mbele ya watu mia tatu. Wanaume wakaangua kicheko, wanawake wakaziba midomo kwa kanga, na Bwana Mkubwa naye akatabasamu kidogo, ingawa macho yake hayakutabasamu. Memsabu akauliza kwa Kizungu kimetokea nini, akaambiwa, akamtazama Jovina na kutikisa kichwa. Mimi nilisimama palepale. Nilitaka sakafu ile ya mishumaa inipokee. Nikageuza shingo dirishani, na baba hakuwapo tena.

Shangazi alinirudisha kwenye dawati kama mgonjwa. Nilisikia kwa mbali Mwalimu Gozbert akitangaza kwamba waamuzi wamekubaliana, na kwamba kikombe ni cha bendi ya Temeke, aje kiongozi wake akipokee kwa mkono wa mgeni rasmi. Watu wakashangilia, wengine kwa ajili ya bendi, wengine kwa ajili ya vituko nilivyowaonyesha. Nassibu akapanda. Bwana Mkubwa alikiinua kikombe, cha fedha, masikio mawili, na mkono wa pili alikuwa na karatasi ya ile kazi.

Nassibu hakunyoosha mkono.

"Asante, Bwana," akasema. "Lakini mikono yetu imechoka. Tumeomba kwa maneno mwaka mzima, hakuna aliyetusikia. Kuanzia saa hii watu wa gatini hatubebi kitu. Hata kikombe."

Akaiweka tarumbeta yake chini. Mpiga banjo akaweka banjo. Yule wa ngoma kubwa akafungua mkanda, akaiacha ngoma kwenye kiti kama mtoto aliyelala. Upande wa pili makuli wote wakasimama kwa pamoja, wakaanza kutoka kwa mstari, kimya, bila kusukumana. Waliokuwa wanagawa chai wakaweka sinia chini, maana nao Jumatatu mpaka Ijumaa walikuwa makuli. Wacheza foksitroti walibaki kwenye mstari wao wakingojea zawadi ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuibeba mpaka mbele. Mwalimu Gozbert alipokezwa kile kikombe, akabaki nacho kifuani hajui akiweke wapi. Na viti vya kitambaa, siku ile, Bwana Mkubwa alivikunja mwenyewe akavipeleka kwenye motokaa yake, kimoja kimoja, mkewe akishika kofia. Watu walikuja kulisimulia jambo hilo miaka mingi na kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu nilichopoteza: kazi imekataliwa, na mchumba katangazwa mwingine.

Tulifika nyumbani kabla ya saa kumi na moja. Baba alikuwa barazani, randa mkononi, anaranda ubao ambao ulikwisha lainika. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikaenda uani nikachukua ungo, nikaanza kuchagua mchele, mchele uliokwisha chaguliwa asubuhi.

Nassibu alikuja kwa njia ya nyuma, akasimama upande wa pili wa ua wa makuti. Nilimjua kwa kivuli.

"Nenda kwa mchumba wako," nikasema.

"Somoe, nisikilize kidogo tu, kisha unitukane. Sina muda."

"Muda unao Alhamisi."

Alisubiri mpaka nikainua macho. Kisha akanieleza, kwa haraka na kwa sauti ya chini, na kila alichosema kilikaa mahali pake, ndivyo nilivyojua ni kweli. Jovina alikuwa anasikia mazungumzo ya Bwana Mkubwa mezani, maana Kiingereza alikijua na wao walidhani hajui. Alikuwa anawaletea makuli habari, meli ipi inakuja, nani anatiliwa shaka. Ilitakiwa sababu ya yaya wa Kurasini kumsogelea kuli sikioni mbele za watu bila mtu kuuliza. Nassibu ndiye aliyebuni utani. Mtani haulizwi anataka nini.

"Mgomo ulikuwa uwe Jumatatu," akasema. "Nilikuwa nimepanga leo nichukue kikombe, kesho wazee wangu waje kwa baba yako, akishasema ndiyo mbele yao hataweza kurudi nyuma. Kisha Jumatatu yawe yatakayokuwa. Jovina ndiye aliyekuja kuniambia pale jukwaani kwamba Bwana keshajua ya Jumatatu. Ameagiza watu wa bara, wanafika kesho kwa treni, na sisi tungefungiwa geti. Ilikuwa leo au basi."

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Kwa sababu nilikula kiapo. Na kwa sababu wewe ukikasirika unasema kila kitu kwa sauti."

Nikaupepeta mchele ambao haukuwa na pumba, punje zikarukaruka.

"Umesema mbele ya watu kwamba ni mchumba wako," nikasema.

"Umeuliza mbele ya watu ananinong'oneza nini. Ningesema nini, Somoe? Wakijua ukweli wanamfunga. Ni msichana peke yake mji huu, hana hata binamu. Ni mpaka mgomo uishe tu. Ukiisha nasimama pale pale ukumbini naukana uongo wangu, na kwa baba yako nitakuja kwa magoti."

Nilimpenda mno dakika ile, na nilimchukia kwa kuwa alikuwa na haki. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba nampenda na namchukia. Akatia vidole kwenye tundu la makuti, nami nikavishika. Vilikuwa vigumu kama magome, vya katani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikavuta pumzi mpaka chini.

Ndipo tukasikia hodi barazani.

Alikuwa Albano, mnyapara wa gatini, mtu ambaye makuli walikuwa wakimwita masikio ya Bwana. Nilichungulia kwenye mlango wa uani. Alimwamkia baba kwa adabu zote, akaketi, akaanza kuzunguka mbali kama mtu anayetafuta pa kuvukia. Alisema Bwana Mkubwa hana raha. Mgomo umezuka dakika chache tu baada ya yule yaya kunong'ona na kiongozi wake. Kama kweli ni wachumba, sawa, mambo ya vijana. Kama si wachumba, basi yaya ni mtu wa kupelekwa polisi jioni hii hii, na huyo Nassibu pamoja naye. Na kwa kuwa mji mzima unajua barua ya posa ya Nassibu iko nyumba hii, Bwana amemtuma aje aulize hapa.

Nilitazama nje barabarani. Jovina alikuwa pale, chini ya ukingo wa paa la duka la Mwarabu, na gauni lake jeupe, Albano amemweka asubiri. Hakuwa na mtu.

Baba aliniita. Nikatoka na ungo wangu mkononi, sikujua pa kuuweka. Nyuma yangu Nassibu naye akaingia kwa mlango wa uani, maana hakuwa mtu wa kujificha anapotajwa. Akasema shikamoo mzee. Baba hakumjibu.

"Somoe," baba akasema, "wewe ndiye uliyepiga kelele leo, basi wewe ndiye utakayesema. Yule binti ni mchumba wa huyu kijana, au siyo?"

Nilijua hapana moja tu ingenirudishia uso wangu mbele ya Temeke nzima. Ningesema hapana, kila mtu angejua mimi ndiye niliyechumbiwa na yule alikuwa wa kisingizio. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Nassibu hakunisaidia. Alikuwa anatazama ubao wa baba.

"Ni mchumba wake, baba," nikasema. "Nilijua zamani. Nilishindwa kuvumilia tu."

Albano akanitazama kwa huruma, na huruma ya mtu kama yule inauma kuliko kofi. Baba akaingia ndani. Akarudi na barua ya posa, bado imefungwa kwa uzi wake wa kijani, akamwekea Nassibu kiganjani bila kugusana vidole.

"Nilikuwa sikutaki kwa sababu ya kazi yako," baba akasema. "Nilikosea. Kazi haikuwa na kosa. Usikanyage tena hapa."

Nassibu akaipokea kwa mikono miwili. Hakunitazama, kwa sababu Albano alikuwa anatazama. Akashuka baraza, akavuka barabara mpaka pale alipokuwa Jovina. Albano akasogea ukingoni mwa baraza ili aone vizuri, na mimi nikasogea nyuma yake kwa sababu hiyohiyo.

Nilikuwa najua atakachofanya Jovina. Nilimwona Alhamisi sita. Angemvua kofia, angemshika mkono, angemwita mume wangu barabara nzima isikie, ili mnyapara apeleke habari Kurasini. Nilikuwa nimejiandaa kuvumilia. Nilijiambia, huo ni mchezo, Somoe, na safari hii umeuruhusu mwenyewe.

Jovina hakufanya hata kimoja. Nassibu alipomfikia, alimwambia neno, labda alimweleza nilivyosema. Jovina akainua macho mara moja upande wetu. Kisha akamtazama Nassibu, akayainamisha, akaanza kupindapinda kishikizo cha gauni lake. Alikuwa anaona haya, huyu aliyekula kwenye sahani yake mbele ya bendi nzima. Walipoondoka alitembea nusu hatua nyuma yake, bila kumgusa, kichwa chini, kama msichana ambaye jana tu kaambiwa kwamba ameposwa na yuleyule aliyekuwa akimwomba Mungu ampe.

Albano akaridhika. Alisema ndiyo, hawa ni wachumba, akaaga.

Mimi nilibaki pale na ungo mpaka walipopinda kona ya kwenda Kurasini. Shangazi Mauwa alikuja akasimama karibu yangu, akanifuta shavu kwa ncha ya kanga yake. Nikamuuliza mgomo huwa unachukua siku ngapi.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Mie sijapata kuuona."